Mbanguaji Akivua Glovu, Tumuulize Kwanza Analipwaje

Kila Aprili 28, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi inapoadhimishwa, lawama huishia pale pale: wafanyakazi hawafuati maelekezo. Hapa Mtwara utaisikia sana kauli hiyo kwa wenye karakana za kubangua korosho. Glovu zinanunuliwa, zinagawiwa asubuhi, ikifika saa nne zimeshavuliwa. Hayo yapo, siyakatai. Glovu zina gharama, na wapo wabanguaji wa siku nyingi wanaowacheka wageni wanaojikinga. Mwenye karakana anayeshindana na viwanda vya Vietnam na India naye ana haki ya kulalamika.

Lakini sogea kwenye meza ya kukatia. Katika karakana moja pembezoni mwa Masasi, akina mama kadhaa walikuwa wamevaa glovu zilizokatwa ncha tatu: ya gumba, ya shahada na ya kidole cha kati. Korosho iliyopikwa kwa mvuke huwekwa katikati ya visu viwili, mguu unakanyaga, ganda linapasuka, karanga, yaani kiini chake, inachokolewa. Vidole ndivyo vinavyojua kama korosho imekaa sawa. Ikikaa upande inavunjika, na iliyovunjika inashuka daraja. Mbanguaji analipwa kwa kilo, na fedha iko kwenye korosho nzima. Mafuta ya ganda yanababua ngozi hadi inachunika, naye anajua hilo kuliko mtoa semina yeyote. Anajipaka mafuta ya kula au majivu, kazi inaendelea. Kuuita huo uzembe ni kumwonea. Amepiga hesabu ambayo mwajiri wake ndiye aliyeipanga.

Tabia ya kumtupia lawama aliyeumia ina umri mrefu. Mwaka 1931, Mmarekani H. W. Heinrich, mtumishi wa kampuni ya bima, alitangaza matokeo ya kupitia kumbukumbu za ajali 75,000: asilimia 88 zilitokana na vitendo vya hatari vya watu, 10 na mazingira hatari, 2 hazikuzuilika. Hiyo 88 inanisumbua mpaka leo, maana bado inatajwa kana kwamba ni sheria ya maumbile. Kumbukumbu zile ziliandikwa na nani? Zilikuwa mafaili ya madai ya bima na taarifa za wenye viwanda. Msimamizi akijaza fomu peke yake, ataandika kwamba fulani hakuvaa glovu. Hataandika kwamba malipo ni kwa kilo, wala kwamba glovu zililetwa za saizi moja tu. Fomu za namna hiyo zikijaa kabati, ukizihesabu utapata 88 nyingine, na semina nyingine ya kuwakumbusha wafanyakazi wavae glovu.

Ule ubao unaotundikwa viwandani kuhesabu siku zilizopita bila ajali nao una kasoro hiyo hiyo. Ukishafungamanishwa na zawadi ya kikundi kizima, aliyejikata kidole ataombwa na wenzake akifunge kitambaa na anyamaze.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haimalizi wajibu wa mwajiri kwenye kugawa glovu. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unagusa hata magonjwa yatokanayo na kazi. Ila kidonda kisichoandikwa popote kitadaiwa kwa ushahidi gani?

Kwa maoni yangu, wakataji walipwe ujira wa siku, kilo ziwe nyongeza juu yake. Uzalishaji huenda ukashuka mwanzoni, na hasara hiyo ni ya kweli. Glovu zijaribiwe na wabanguaji wenyewe kabla ya kununuliwa kwa wingi. Na mtu akiumia, fomu ijazwe naye akiwepo, asomewe kilichoandikwa, na aongeze lake kabla ya kutia sahihi.