Eti Ni Mabaki Tu

Juzi dada mmoja kanionyesha picha kwenye simu: gauni jeusi, halina makuu, ila kuanzia magotini hadi pindoni limejaa maua ya vipande vya vitenge. Zuri, sikatai. Akautazama mfuko wa vipande chini ya meza yangu, akasema vitambaa si hivyo hapo, vimejaa. Nikamtajia bei. Akacheka. "Fundi, si mabaki tu hayo? Ungeyatupa. Nifanyie nusu."

Nusu! Yaani mimi nimekaa hapa kuuza vitambaa, na mikono yangu ni nyongeza.

Sikilizeni. Gauni la kitambaa kimoja nalipima, nalikata, naunga, napiga overloki, natia zipu, mwenyewe anakuja kuchukua. Ua moja la kwenye ile picha lina petali tano, na kila petali inachorwa kwa chaki, inakatwa peke yake, inabandikwa kitambaa cha gundi kwa nyuma ili isilegee, inapigwa pasi, inashikizwa mahali pake. Ndipo uizungushie zigizaga ya karibukaribu. Ukifika kwenye kona unasimama, sindano imezama, unainua mguu wa cherehani, unageuza nguo yote, unashusha mguu, unaendelea. Kona inayofuata, hivyo hivyo. Ukivuta kitambaa kidogo tu, cha chini kinakunjamana, na pasi haikusaidii tena. Unafumua.

Na hapo sijataja kuchambua. Siku hizi kila kitu kinauzwa kwa jina la kitenge, pamba na poliesta vinakaa meza moja. Mimi nachomoa uzi, nauchoma: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukivichanganya bila kujua, gauni likifuliwa pamba inarudi, poliesta imebaki vilevile, na ua lote linajikunyata. Pasi ya moto wa pamba nayo inaichoma poliesta. Halafu kuna vile vyekundu. Kipande chekundu kisichofuliwa kwanza, ukakishonea kwenye gauni jeupe, maji ya kwanza tu umepata gauni la waridi ambalo hukuliagiza. Kwa hiyo kila kipande kinafuliwa na kupigwa pasi kabla hakijaguswa na mkasi. Sabuni, maji na umeme ni vyangu.

Kuna wanaodhani nguo ya kuungaunga ni ya aliyekosa. Haya, waulizeni kina bibi wa pwani. Wanavyosimulia Unguja na Mombasa, khanga yenyewe ilitokana na leso za mraba zilizokuwa zikiuzwa kwa jora karne ya 19. Wanawake wakawa wanakata leso tatu tatu bila kuzitenganisha, wanaziunga mistari miwili, wanapata nguo moja pana ya leso sita. Leso ya kushona. Walikuwa na pesa ya kununua jora, walitaka tu kitu ambacho jirani hana. Viwanda vya ng'ambo vikaja baadaye kuchapa nguo nzima ya upana ule. Leo mtu kajifunga doti yake, anakutazama wewe na viunganisho vyako kwa huruma.

Nakubali, yapo magauni ya vipande yanayotia aibu. Fundi kamwaga mfuko wote kifuani: mistari, ndege, madoadoa, kila rangi iliyowahi kupita mjini. Hilo siwezi kulitetea. Chagua rangi mbili au tatu zinazojuana, acha sehemu kubwa ya gauni ipumue, basi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mifuko ya mafundi, niseme hata lisilopendeza upande wetu. Mteja akileta yadi sita na gauni likala nne, zile mbili ni zake. Hazijawa mabaki. Wenzangu wanaozikunja kimyakimya na kumwambia mtu "kitambaa kilikuwa kidogo" ndio wanaofanya wateja watuone wote wezi, na waombe nusu bei bila kuona haya. Mimi naweka kila kilichobaki kwenye mfuko pamoja na nguo, hata kikiwa cha kutosha kilemba cha mwanasesere. Asiyekitaka ananiachia, na akishaniachia ni changu, bei ya kukishona napanga mimi.

Yule dada kasema atafikiria. Afikirie tu, lakini asipite Ijumaa jioni akitaka la Jumamosi.