Mwalimu akipanda jukwaani hajaliacha darasa

Siafiki hoja ya makala niliyoyasoma, yanayodai kwamba mwalimu anayeandika tamthilia na kuigiza jioni anawaibia wanafunzi muda wao. Profesa Amandina Lihamba alifundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huku akiandika tamthilia na kuigiza mwenyewe, na sioni kilichopungua katika ualimu wake. Nami nafundisha Kiswahili kidato cha tatu. Tangu nianze kughani mashairi yangu mbele ya watu, vina na mizani, ambavyo zamani wanafunzi walivikariri kwa ajili ya mtihani tu, sasa wanavisikia kwa masikio yao. Kinachotuelemea hasa ni marundo ya madaftari ya kusahihisha, ndiyo maana mimi huandika saa kumi alfajiri, nyumba nzima ikiwa imelala.