Msamiati mpya usianzie ubaoni

Katika madarasa mengi ya Kiswahili, kifungu cha ufahamu huanza na orodha. Mwalimu anaandika "Maneno mapya" ubaoni, anaweka maana mbele ya kila neno, wanafunzi wananakili, ndipo hadithi isomwe. Kwa maoni yangu utaratibu huu uachwe, hasa kwenye ngano. Ngano fupi ina wahusika wawili au watatu, tukio moja, na matokeo yanayoonekana kabla ukurasa haujaisha. Mtoto anahisi mapema kwamba mlafi ataumbuka, kwa hiyo nusu ya kazi ya kukisia imeshafanyika. Ukimpa maana kabla hajasoma, umemnyang'anya zoezi lenyewe. Siku ya mtihani anaulizwa "neno hili kama lilivyotumika katika kifungu lina maana gani?" na orodha haipo.

Chukua hii, ya kiwango cha darasa la nne au la tano:

Kunguru alizoea kudoea. Kila jioni alitua kwa Njiwa saa ya chakula, akala akashiba, akaruka zake bila kuleta hata punje moja. Kiangazi kilipokaza, Njiwa akajaza chungu mawe na maji, akachochea moto. Kunguru akafika, akaketi, akangoja. Chungu kikatokota mpaka usiku wa manane. Kunguru alipofunua akaona mawe, alihamaki: akapiga kelele, akakipiga teke chungu, asimsikilize mtu. Njiwa, kwa sauti ya upole, akamwambia, "Nafaka uliimaliza wewe. Kesho njoo na yako."

Ni maneno 65, na magumu ni matatu: kudoea, kikatokota na alihamaki. Watafiti wa usomaji, Paul Nation wa New Zealand akiwa mmojawapo, huweka kiwango cha kusoma kwa raha kwenye asilimia 98 ya maneno yanayojulikana. Chini ya 95 msomaji anaanza kupapasa. Hapa tuko kwenye 95 na kitu, yaani ukingoni, na panatosha kwa kuwa mwalimu yupo. Ukitia neno la nne au la tano, vidokezo vyenyewe vinageuka mafumbo.

Isomwe yote mara moja bila kusimama. Mara ya pili wanafunzi wapigie mstari maneno matatu na kila mmoja aandike kisio lake kwa penseli, pamoja na maneno ya kwenye hadithi yaliyompa kisio hilo. Sehemu hii ya mwisho ndiyo walimu wengi huiruka, na ndiyo inayoonyesha mtoto amekosea wapi.

Makosa yenyewe yana mpangilio. La kwanza ni kufuata sauti: "kudoea" anakufanya kuwa kutia doa, na "alihamaki" analisoma kama alihama. Usimwambie tu kwamba si hivyo. Mwambie aweke kisio lake ndani ya sentensi, kisha asome na inayofuata. Kunguru akihama, nani amekipiga teke chungu?

La pili ni gumu zaidi, kwa sababu kisio linakaa vizuri kisarufi. Wengi watasema kuhamaki ni kushangaa, na kweli, mtu akifunua chungu akakuta mawe hushangaa. Lakini mshangao haupigi mateke. Nukta mbili baada ya "alihamaki" zinafungua maelezo ya neno hilo, na upole wa Njiwa umewekwa pale kuwa kinyume chake. Mtoto akiviona viwili hivyo, hasira za ghafla zinajitokeza zenyewe. Kwa "kikatokota", kiambishi ki- kinamwonyesha kwamba mtendaji ni chungu, si Kunguru aliyetajwa kabla yake. Akisema kilipasuka, muulize: chungu kitapasuka vipi mpaka usiku wa manane, tena baadaye kipatikane cha kupigwa teke?

Kuna maneno ambayo muktadha hauyafikishi popote. Majina ya ndege, miti na samaki ni hayo. Hadithi ikisema mwewe alimnyakua kifaranga, msomaji atajua ni ndege mla nyama, basi; hatamtofautisha na kipanga. Onyesha picha, mwendelee. Vilevile neno gumu lililoachwa peke yake kwenye funzo la mwisho halina jirani wa kulieleza, na kulalamika kwamba darasa limeshindwa kulikisia ni kulionea.

Kamusi ije mwisho, kuthibitisha. Wakumbushe kwamba kitenzi kinatafutwa kwenye shina: tokota, si kikatokota wala kutokota. Asiyejua hilo atapekua herufi K hadi kipindi kiishe.

Kukutana na neno mara moja hakutoshi, hivyo wiki hiyohiyo yarudi kwa sura nyingine: mdoezi ndani ya imla, "kwa hamaki" ndani ya ngano nyingine, na sentensi za kutunga wenyewe. Watoto wa pwani waliokula muhogo wa kutokosa wana mwanzo mzuri, lakini hapo ndipo pa kuangalia madaftari kwa makini. Akiandika "dada alitokota muhogo", msahihishe palepale: muhogo ndio unaotokota, dada anautokosa.