Mawingu yetu, picha za watu: jeshi la Uganda na setilaiti za hali ya hewa

Agosti 2012 helikopta nne za UPDF, jeshi la Uganda, zilitoka Uganda zikielekea Somalia kupitia Kenya, moja ikafika Garissa salama na hizo tatu zingine, Mi-24 za kivita, zikaishia kwenye Mlima Kenya na watu wakafa. Al-Shabaab, wale wanamgambo wa Somalia, hawakuzigusa hata kwa jiwe. Ndo maana mtu akiniambia setilaiti za hali ya hewa kwa jeshi ni anasa ya Wamarekani huwa nacheka tu, mlima wa mita 5,199 haujifichi wenyewe, unafichwa na wingu, na wingu setilaiti inaliona.

Hao Wamarekani walishtuka mapema. TIROS-1, setilaiti yao ya kwanza ya hali ya hewa, iliruka Aprili 1960, na haikuchukua muda jeshi lao likawa na mpango wake wa setilaiti kama hizo, DMSP, tena wa siri kabisa mpaka miaka ya 70, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchungulia kama kule Urusi kuna mawingu ili setilaiti za kijasusi zisimalize filamu kupiga picha za mawingu matupu. Baadaye ikaenda kusaidia Vietnam, ndege ziruke au zilale.

Sasa njoo kwetu. Tangu Novemba 30, 2021 jeshi liko Kongo, Ituri na Kivu Kaskazini, kwenye Operesheni Shujaa linawasaka waasi wa ADF, na anayejua barabara za kule anajua mvua ikipiga lori la chakula linazama tope mpaka ekseli na walio mbele wanasubiri. Ndege nayo ikikuta wingu zito juu ya msitu inarudi. ADF wao wanatembea kwa miguu, mvua inawafutia nyayo na kuwafunika wasionekane kutoka juu, kwa hiyo utabiri mmoja huohuo hauna faida sawa kwa pande mbili, mwenye malori na helikopta ndiye anauhitaji zaidi. Hapo sina ubishi na wanaotaka jeshi liwekeze.

Lakini wakiendelea kusema tununue setilaiti yetu ya kijeshi hapo wananipoteza. Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa ya Wazungu, iko kilomita 36,000 juu ya ikweta, inatupiga picha kila dakika 15 au chini ya hapo na watabiri wetu wanazipata, tatizo ni kwamba picha yenyewe inaonyesha kichwa cha wingu. Unaona rangi inabadilika, unajua pale juu kuna baridi kali, wingu limepanda sana, radi inakuja. Chini yake je? Bonde la Semliki, pale mpakani na Kongo, lina ukungu au halina? Hiyo picha haikwambii. Na mvua zetu nyingi hazitembei kutoka mbali kama za Ulaya, zinazaliwa hapahapa, asubuhi anga safi kabisa, jua linapiga, saa nane mchana wingu limeshafura na saa tisa watu wanakimbia. Setilaiti itakwambia leo upande wa Rwenzori kuna hatari, haitakwambia kilima gani saa ngapi, na kamanda anayedhani itamwambia ni hatari kuliko yule asiyeiangalia kabisa.

Halafu kuna suala la mwenye mali. Juni 2025 jeshi la Marekani lilitangaza, tena zikiwa zimebaki siku chache tu, kwamba linaacha kugawa data za DMSP zinazopenya mawingu, msimu wa vimbunga ndo umeanza, wanasayansi wao wenyewe wakapiga kelele, na baadaye uamuzi ukabadilishwa. Kama raia wao walikuwa wanazimiwa hivyo, sisi ni nani? Hoja hiyo nakubali ina uzito, ila jibu lake sio PearlAfricaSat-1 nyingine, ile setilaiti ya kwanza ya Uganda ya 2022 ilikuwa kiboksi cha sentimita 10 kila upande, nzuri kwa kufundishia mainjinia wetu, ila kulinda msafara wa jeshi ni habari nyingine.

Na tuwe macho, jeshi likishika kitu huwa linakifungia. Dhoruba inayotisha marubani wa Entebbe usiku ndiyo hiyohiyo inapindua mtumbwi wa mvuvi wa Kalangala, kule visiwani Ziwa Victoria, ukiipiga mhuri wa siri umemuua mvuvi bila kumdhuru adui, maana adui ana simu na anaangalia utabiri kama wewe.

Mimi ningeweka hela chini, sio juu. Jeshi liko sehemu ambazo hazina kituo hata kimoja cha hali ya hewa, na kipimo cha mvua ni kopo tu na rula, askari mmoja anaenda saa tatu asubuhi anasoma milimita anaandika, basi. Watabiri wangejua picha ya jana ilisema kweli au ilidanganya. Wataniambia ripoti ya mvua inafichua kambi iko wapi, na ni kweli, kwenye vita kuu ya pili nchi zilificha hata taarifa za mvua ili adui asizitumie kupanga mashambulizi. Basi ya upepo na mawingu ya saa hiyo ibaki kwa marubani wao, ya mvua ikae wiki mbili, jina la kambi lifutwe, iandikwe wilaya tu, halafu ipelekwe kwa watabiri wa Entebbe. Kwa kutabiri kesho itakuwa imechelewa, kwa kusahihisha utabiri wa msimu ujao inatosha kabisa.