Mkanda wa kifuani usiutupe

Ukikutana na waendesha baiskeli barabara ya Limuru Jumamosi asubuhi, siku hizi habari ni wati tu, yaani kipimo cha nguvu unayosukuma kwenye pedali. Fulani kapanda mlima na 280, mwingine kafikisha 300. Mkanda wa kupima mapigo ya moyo umeachwa nyumbani, eti umepitwa na wakati. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, hasa sisi tunaoendesha kwenye joto na miinuko.

Wati nazipenda. Tangu Mjerumani Ulrich Schoberer alipobuni kipimo chake cha wati kiitwacho SRM mwaka 1986, tumepata kitu ambacho moyo hauwezi kutupa: jibu la papo hapo. Ukikaza pedali, namba inapanda sekunde hiyohiyo. Moyo huchelewa. Kwenye mikupuo ya sekunde 30 unamaliza kabla mapigo hayajapanda sawasawa, kwa hiyo zoezi la aina hiyo liendeshwe kwa wati.

Ila wati husema kazi iliyofika kwenye pedali, hazisemi mwili umeilipia kiasi gani. Toka Mombasa uelekee Kilifi, ushikilie wati 150 bila kubadilisha. Mwanzoni moyo unaweza kupiga 135 kwa dakika. Saa mbili baadaye, jua likiwa limewaka, ukakuta 150. Jasho limepunguza maji kwenye damu, na sehemu ya damu imekwenda kwenye ngozi kuupoza mwili. Kila pigo linasukuma damu pungufu, basi moyo unaongeza mapigo ili kazi iende. Anayetazama wati peke yake haoni lolote, na huyo ndiye anayekuja kuishiwa nguvu ghafla njiani.

Miinuko nayo ina mambo yake. Aliyepima uwezo wake Pwani kisha akapanda Iten, kwenye mita 2,400 hivi, asizing'ang'anie wati za kule chini. Oksijeni anayoipata kwa kila pumzi ni kidogo. Akishapumzika siku kadhaa apime upya: aendeshe dakika 20 kwa nguvu zote, achukue asilimia 95 ya wastani wa wati zake, hiyo ndiyo iwe kipimo chake kipya cha uwezo.

Ni kweli moyo huyumba. Kahawa huupandisha, usingizi mbovu vilevile, na ile kanuni ya 220 kutoa umri inaweza kukosea kwa mapigo kumi na zaidi. Lakini kuyumba huko ni taarifa. Wati zikiwa zilezile za kila siku, asubuhi ya baridi, halafu moyo uko juu kwa mapigo 12, mimi nageuza baiskeli narudi nyumbani. Mara nyingi kesho yake mafua yanajitokeza.

Na kuna suala la pesa. Kipimo cha wati kinaweza kuwa ghali kuliko baiskeli ya mtumba wanayoanza nayo vijana wetu wengi. Kijana akiniuliza anunue nini kwanza, namwambia mkanda, na hela inayobaki atafute tairi nzuri.