Ajmal na udi wa kupuliza: asili inapotea au ndo inaishi?

Wapenda manukato wana ubishi hauishi, kwamba kampuni za zamani za udi zimeacha asili yao kwa kufuata soko, na jina linalotajwa sana ni Ajmal. Ni familia inayojulikana. Marehemu Haji Ajmal Ali alikuwa mkulima wa Hojai, Assam, kule India, akaanzia biashara Mumbai mwaka 1951, miaka ya 1970 wakaingia Dubai, na siku hizi wajukuu nao wamo kwenye kazi. Bado wanauza vipande vya udi na mafuta, ila pembeni kuna pafyumu za kupuliza kibao, zina ndimu, vanila, maua, yani vitu vya kumvuta kijana ambaye hajawahi kushika chetezo.

Wanaolalamika wana hoja, tena nzito. Chukua mafuta ya udi wa Assam, ule Waarabu wanaouita Hindi, paka tone moja mkononi. Mwanzoni linanuka zizi kabisa, zizi na ngozi, asiyezoea anakunja uso, manake vipande vinalowekwa kwenye maji siku nyingi mpaka vianze kuchacha ndo vipikwe mvuke utoe mafuta. Sasa vumilia. Baadaye ule ukali unatulia, unakuja utamu wa mbao na moshi kwa mbali, na kesho yake shati bado linanukia. Pafyumu ya kupuliza imetengenezwa ikupendeze hapohapo dukani, ule ukali wameshautoa, kwahiyo kijana aliyeanzia hapo siku akinusishwa udi wenyewe atasema umeharibika. Hiyo ni hasara kweli na mi siichukulii kirahisi. Alafu kuna ambao hawataki spiriti ya pafyumu mwilini wakienda kuswali, ingawa wanazuoni wenyewe wamehitilafiana hapo.

Lakini hebu tuangalie mti. Aquilaria, yani mti wa udi, ukiwa na afya hauna udi wowote ndani, mpaka ujeruhiwe na kuingiwa na ukungu ndo unatoa utomvu ule mweusi wa kujikinga, na kwa nje ni shida kujua upi unao na upi hauna. Wakataji wa msituni wakawa wanaangusha tu kwa kubahatisha, na tangu 1995 biashara ya Aquilaria malaccensis, ndo huohuo wa Assam, iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Wazungu nao wakaja na njaa yao, Yves Saint Laurent wakatoa pafyumu ya M7 mwaka 2002, Tom Ford akatoa Oud Wood 2007, udi ukawa fasheni dunia nzima. Kila chupa ingetaka mafuta halisi huo msitu ungebaki wapi? Assam watu wanaupanda mpaka kwenye viwanja vya nyumba zao, ni jambo zuri sana, ila mti hauvunwi kesho. Kwahiyo harufu ya udi iliyotengenezwa maabara, hata kama tunaibeza, inaupa mti nafasi ya kupumua na inampa mwenye hela ndogo kitu cha kujipulizia.

Na hii habari ya asili isiyoguswa mi siielewi vizuri. Mombasa na Unguja kinamama wanapika udi nyumbani, vipande vimetoka Asia, vinapikwa na sukari, marashi na mafuta ya kunukia, kila nyumba na mapishi yake, na bi harusi anafukizwa nao bila mtu kuuliza kama uko vilevile ulivyotoka porini. Kuchanganya kumekuwepo siku zote.

Kwahiyo mi ndimu na vanila hazinisumbui hata kidogo. Kinachoniuma, na hapa nasema soko zima la udi, ni chupa kuandikwa udi kwa herufi za dhahabu wakati mnunuzi haambiwi kama kuna tone la mti ndani au ni maabara tupu. Vipande vinauzwa kwa daraja, muuzaji anakwambia hiki cha wapi na bei inapanda kwa sababu gani, mafuta yanayopimwa kwa tola, kile kipimo cha Kihindi, hivyohivyo, ila ukifika kwenye ya kupuliza maelezo yanaisha ghafla. Familia iliyokaa na huu mti vizazi vitatu ndo yenye uwezo wa kubadilisha hili, iandike tu kwenye boksi hii ina mafuta ya mti na hii haina, wateja wa zote mbili wapo.