Silabi za Amu, Kiingereza cha Leicester

Mtoto wa Amu, yaani Lamu, pwani ya Kenya, hufundishwa kusoma mara mbili kabla Kiingereza hakijamfika. Chuoni, yaani kwenye madrasa ya Kurani, huanza na alifu, be, te, kisha herufi hizo huvishwa irabu, naye huimba pamoja na wenzake kwamba be yenye fataha ni ba, yenye kasra ni bi, yenye dhuma ni bu. Shuleni hukutana na mambo yale yale kwa herufi nyingine: ba, be, bi, bo, bu, kisha ba-ba, bi-bi, ba-bu. Njia hizi mbili, ijapokuwa moja husomwa kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto, humjengea imani moja, kwamba kila herufi ina sauti yake na haimgeuki msomaji. Mimi ninaishi Leicester, Uingereza, mji ambao jina lake lina herufi 9 na wenyewe hulitamka "Lesta" tu. Mwanangu ameanza kusoma huku, na nikilinganisha ninayoyaona katika mkoba wake na yanayoendelea madarasani nyumbani, naona kwamba kwetu hatukosei kufundisha kwa silabi. Tunakosea pale tunapomsomesha mtoto Kiingereza kwa silabi za Kiswahili.

Maandishi ya lugha hizi mbili yana umri tofauti. Tahajia yetu ya herufi za Kirumi ni changa: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. (Kiamu, kilichokuwa kimebeba tenzi kwa karne nyingi, kiliachwa nje, lakini hiyo ni kesi nyingine.) Kiingereza, kwa upande wake, kilianza kuchapwa Westminster mwaka 1476, William Caxton alipofungua karakana yake huko, wakati ambapo irabu za lugha hiyo zilikuwa zinabadilika na zingeendelea kubadilika kwa muda mrefu baadaye. Maandishi yakaganda, vinywa vikaendelea na safari. Herufi "k" ya "knight" ilikuwa ikitamkwa zamani. "B" ya "debt" iliingizwa na wasomi waliotaka neno hilo lionyeshe asili yake ya Kilatini. Watafiti waliowalinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, waliona kwamba wanaoanza kusoma kwa Kiingereza huchukua zaidi ya maradufu ya muda unaowatosha wengi wa wenzao wa lugha nyingine. Kwa hiyo mtoto wa Langoni, mtaa wa mji wa Amu, anayesoma kitabu cha Kiswahili kwa kutiririka, kisha akakwama katika ukurasa wa kwanza wa kile cha Kiingereza, asiambiwe kuwa ni mzito.

Waingereza wenyewe wamelazimika kutafuta njia ya kuuvuka ugumu huu. Tangu ripoti ya serikali ya mwaka 2006 iliyopendekeza mbinu ya sauti, mwalimu wa huku hamwanzishi mtoto kwa majina ya herufi, yaani "ei, bi, sii", bali humfundisha kila herufi au kundi la herufi linatoa sauti gani, kisha humfundisha kuziunganisha. Herufi ni 26, sauti ni kama 44, na hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini kuimba alfabeti hakumfikishi mtoto mbali. Tangu mwaka 2012 kila mtoto wa mwaka wa kwanza hupimwa kwa maneno 40, na 20 kati ya hayo si maneno ya lugha yoyote. Mwanangu alirudi na karatasi ya mazoezi yenye neno "blim", na kando yake picha ya dude la ajabu lenye macho matatu, ili mtoto ajue kwamba hilo ni jina la dude na asihangaike kulitafutia maana. Mwanzoni jambo hili lilinishangaza. Baadaye nikaelewa kwamba mtoto aliyekariri sura za maneno hawezi kulisoma "blim", na kwamba mwalimu anataka kujua nani amekariri na nani anasoma. Wapo walimu wa huku wanaolalamika kwamba mtihani huo unaiacha maana nyuma, na malalamiko yao yana uzito, lakini kama kipimo cha kusoma mimi ninaukubali.

Silabi zinaingia hapo maneno yanapokuwa marefu. Katika Kiswahili silabi karibu zote huishia na irabu, hivyo kulikata neno ni kazi nyepesi. Katika Kiingereza silabi hufungwa na konsonanti au huachwa wazi, na kule kufungwa au kuachwa wazi ndiko mara nyingi kunakoamua irabu isomwe vipi. "Diner" hukatwa "di-ner", silabi ya kwanza iko wazi, na "i" husomwa kama "ai". "Dinner" hukatwa "din-ner", silabi imefungwa, na "i" huwa fupi. Ndivyo ilivyo kwa "hoping" na "hopping", na konsonanti inayorudiwa, ambayo wanafunzi wetu huiona kuwa ni usumbufu wa tahajia, kumbe ipo kwa ajili ya kuilinda irabu fupi. Katika "table" na "candle" silabi ya mwisho huundwa na konsonanti pamoja na "le", kisha msomaji hutazama kilichobaki mbele: "ta" iko wazi, "can" imefungwa. Mpangilio huu hauyamalizi maneno yote, kwa sababu Kiingereza kina ukaidi wake, lakini unayafungua mengi, na ni jambo ambalo mwalimu wa darasa la tatu pale Amu angeweza kulieleza ubaoni kwa chaki bila ya kifaa kingine chochote. Nilisomea nyumbani hadi kidato cha nne na sikuwahi kulisikia likielezwa.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotuponza zaidi tukifika huku, ni mkazo. Sisi mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huubeba hadi kwenye Kiingereza: tunasema "ve-je-TA-bol" na "kom-fo-TA-bol", ilhali Mwingereza huweka nguvu mwanzoni na kuzimeza nyingine, hata "vegetable" ikabaki na silabi tatu. Hatuwezi kusema kwamba hatulijui jambo hili, kwa sababu barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara tunazitofautisha kwa mkazo peke yake. Tofauti ni kwamba kwetu maneno ya namna hiyo ni machache, na kwao mkazo hutembea: "photograph" umekaa mwanzo, "photography" umesogea silabi ya pili, "photographic" umefika ya tatu, na kila unapohama, irabu zilizoachwa hufifia na kuwa sauti moja hafifu isiyo na herufi yake katika alfabeti. Sauti hiyo hafifu ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika lugha hiyo. Kwetu hakuna irabu ya kufifia. Kila moja hupewa haki yake, na ndiyo maana Kiingereza chetu humfikia msikilizaji wa huku kikiwa na silabi nyingi kuliko anazozitarajia.

Kwa upande wa konsonanti, Mwamu hana haja ya kujidharau. Aliyelelewa akisema "thelathini" na "dhahabu", na akasomeshwa na maalimu asiyekubali "dh" igeuke "z", tayari ana sauti zote mbili za "th" zinazowatesa Wafaransa na Wajerumani. Pia hutofautisha kwa pumzi paa mnyama na paa la nyumba, ingawa tahajia yetu haionyeshi tofauti hiyo, na pumzi ile ya paa mnyama ndiyo ya "p" katika "pen". Shida yetu iko kwenye irabu, kwa kuwa tunazo 5 dhidi ya 20 hivi za Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, na ndiyo maana "ship" na "sheep" hutoka katika vinywa vyetu zikiwa neno moja.

Kuhusu lafudhi sina wasiwasi nayo kabisa. Leicester imejaa Wagujarati waliotoka Uganda na Kenya, wengi wao baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, na wako wazee wao ambao hadi leo wanakuhesabia chenji kwa Kiswahili. Kiingereza chao kina lafudhi ya wazi, na kinaeleweka, kwa kuwa mkazo umekaa mahali pake. Nyumbani, kinyume chake, mzazi hulipa karo kubwa katika shule inayomvisha mtoto kibao shingoni akisikika akisema Kiswahili, akiamini kwamba Kiingereza kitaingia kwa nguvu. Mpango wa Tusome, wa kufundisha kusoma katika shule za msingi za Kenya, ulioanza mwaka 2015 ulikuwa na akili zaidi, kwa sababu ulifundisha kusoma kwa Kiswahili na kwa Kiingereza sambamba. Ningependa mtoto asome Kiswahili barabara kwanza, kisha aingizwe Kiingereza kwa masikio kabla ya macho, apige makofi kuhesabu silabi, na ajue ni kofi gani la kupigwa kwa nguvu.

Mwanangu anapitia njia hiyo kinyumenyume. Nilipompa kitabu cha Kiswahili alisoma "em-toto", na irabu za mwisho akazififisha kama alivyozoea. Tukarudi kwenye ba, be, bi, bo, bu, halafu mba, mbe, mbi, mbo, mbu, naye akauliza ni maneno gani yasiyofuata utaratibu, kama kawaida ya darasani kwake. Nilimwonyesha "ng'ombe" na alama yake, na orodha yangu ikaishia karibu na hapo. Sasa anasoma ukurasa mzima bila kukwama, ijapokuwa nusu ya maneno hajui maana yake. Msamiati tumekubaliana na mama yake kwamba ataupata likizo ya Agosti, akikaa na binamu zake Langoni.